Msomaji wa Pima Maji

Kabla sijapanga sufuria, kabla hata sijajua swichi ya taa ya choo iko upande gani, mimi hupima sakafu. Nimehama mara nne tangu nije London, na mara zote nne nimefanya hivyo. Natoa pima maji yangu, ile ndogo ya plastiki ya manjano kama ya fundi ujenzi, naiweka katikati ya sebule, napiga magoti na kuangalia kiputo cha hewa kimetulia wapi ndani ya kile kioo chake. Halafu naangalia tena. Binti yangu alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alipokuwa mdogo alipiga magoti pamoja nami akacheka. Sasa ana miaka kumi na tisa na amechoka nami. "Mum, it's a floor," aliniambia siku tulipoingia kwenye flati hii ya Tottenham, ghorofa ya tatu. Sakafu yenyewe, kwa taarifa yake, imeinama kuelekea dirishani.

Kazini ni yaleyale. Nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na nusu ya kazi hiyo ni kusoma: karatasi ya dawa, chati ya maji aliyokunywa mtu tangu asubuhi, kadi ya chakula. Kila karatasi naisoma mara tatu. Mwenzangu wa shifti ni Mzanzibari, mwanamke mwenye ulimi wake, na hanionei haya hata mbele ya wazee. "Shoga, karatasi hiyo haikimbii! Isome mara moja bas, umpe bibi wa watu dawa yake." Nacheka naye. Halafu naisoma mara ya nne.

Kuna jambo jingine ambalo Mzanzibari wangu halijui. Siku za mvua, watoto wa mji huu huvalishwa buti za mpira, na mbele ya milango yetu kuna veranda ndefu ya saruji. Nikisikia buti kubwa kuliko mguu wa aliyezivaa, zile zinazogonga visigino, kwapu, kwapu, naacha ninachokifanya na kwenda kufungua mlango. Mara nyingi ni mtoto wa jirani. Mara nyingine hakuna mtu, ni saruji tu iliyolowa na mlango wa lifti ukijifunga. Mimi ni mtu wa kanisani kila Jumapili na siamini mambo ya mizimu. Lakini mlango naufungua, na kila nikiufungua namtarajia mtoto mmoja, wa kike, wa miaka mitano, aliyekufa nyumbani kwetu Ukambani nikiwa na miaka kumi na miwili.

Nimelibeba jambo hili miaka arobaini bila kulisema. Kilichonilazimisha kulisema kilianzia nyuma ya jengo letu, mwaka huu, mwezi wa kumi.

Esteti yetu ina uwanja ambao mvua ikizidi hugeuka kidimbwi, na maji hukimbilia milango ya watu wa chini. Bibi mmoja Mjamaika wa ghorofa ya chini ameshatupa mazulia mawili. Kaunsili ikaamua kuchimba bonde la kina kifupi na kulipanda nyasi na vichaka, ili maji ya mvua yaingie humo na kuzama polepole badala ya kubisha hodi kwa yule bibi. Wakabandika tangazo ndani ya lifti: wakazi wote mnakaribishwa Jumatatu, mje muone, mtoe maoni. Tulikwenda watu watano, na mmoja wetu alikuja kulalamikia mapipa ya taka.

Kulikuwa na kijana wa helmeti nyeupe na chombo cha kupimia juu ya miguu mitatu. Mwenzake alisimama mbali na fimbo ndefu yenye namba. Kijana anachungulia, anainua mkono, mwenzake anapiga kigingi. Wanasogea, anachungulia, anainua mkono. Nilikuwa nimetulia kabisa, hata nilikuwa nafurahia. Kisha simu ya yule kijana ikatetemeka mfukoni. Akaitoa, akaitazama, na huku bado anaitazama akainua mkono. Mwenzake akapiga kigingi.

"Soma tena!" nilipiga kelele. "Hujaangalia! Soma tena!"

Nilisema kwa Kiswahili. Wote walinigeukia. Nikarudia kwa Kiingereza na sauti ikanikatika katikati, kama mtu anayegombana na mume mbele ya wageni. Kijana wa watu alikuwa na adabu. Aliweka simu, akachungulia upya, akasema kigingi kiko mahali pake. Bibi Mjamaika alinishika kiwiko akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa nikipanda ngazi wakati simu yangu ilipolia. Alikuwa mama.

Mama yangu huzungumza nami Kikamba, na hapa namwandika kwa Kiswahili. Hajui kuanza polepole. "Kamati imefufuliwa," alisema.

"Kamati gani?"

"Kwani tulikuwa na ngapi? Ya udongo na maji. Kaunti imetuletea afisa, kijana wa kutoka Magharibi, mpole. Wanataka kulifunga lile korongo kabla mvua haijashika. Watajenga vizuizi vya mawe, wapande nyasi, na juu kabisa wachimbe mtaro mpya. Jumamosi saa sita tunakutana kwenye darasa la chekechea. Wanataka sisi wazee tuwaonyeshe mstari wa zamani ulipita wapi." Akavuta pumzi. "Na mimi nitasimama, mwanangu. Nitamwomba yule mama msamaha mbele ya watu wote. Miaka yote hii sijamwomba. Sitaki kuingia kaburini na yule fuko wangu."

Nilikaa kwenye ngazi za saruji. Nikamwambia ni jambo jema. Hivyo ndivyo nilivyosema, Mungu ananisikia: ni jambo jema, Mama.

Inabidi nieleze kamati ile ilikuwa nini, maana aliyekulia mahali tambarare hawezi kujua mvua inavyoweza kumwibia mtu. Kwetu ni mteremko mtupu. Mvua ikipiga kilimani, maji yanashuka na udongo wa jirani wa juu, yanaumwaga kwa wa chini pamoja na mawe, au yanamchimbia shimo. Ukiyazuia kwako umeyasukumia kwa jirani. Kamati ya udongo na maji ya kata yetu ilikuwa na kazi moja kubwa, kuamua maji yaende wapi. Haikuwa na ofisi. Ilikutana kwenye darasa la chekechea, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani. Afisa wa kilimo alikuja kwa pikipiki mara moja kwa msimu. Siku nyingine zote ilikuwa sisi kwa sisi. Kamati ndiyo iliyosema mtaro upite wapi, nani achimbe lini, maji yamwagike kwenye nyasi za nani. Wa juu na wa chini wakigombana, kamati ndiyo iliyoketi nao mpaka wapeane mikono. Mama yangu alikuwa mwenyekiti wake, na alikuwa na msemo wake ambao alitupigia masikioni mpaka ukatuchosha: mstari hauulizi shamba ni la nani.

Kuchimba kulikuwa kazi ya mwethya, kikundi cha kusaidiana, leo kwako kesho kwangu. Karibu wote walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta. Matuta tuliyaita fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu unakuwa ukuta mdogo, na msimu baada ya msimu shamba linajitengeneza ngazi lenyewe. Nilipenda sana siku hizo, nyimbo zake na uji wake na mama zangu wote wakitaniana juu ya waume zao.

Lakini kabla ya jembe huja uzi. Tulikuwa na miti miwili ya urefu mmoja, uzi wa nailoni kati yake, na katikati ya uzi pima maji ndogo imetundikwa. Mtu anashika mti wa nyuma, mwingine mti wa mbele, wa tatu anasimama katikati na kukisoma kiputo. Msomaji anaita "Panda!" au "Shuka!" kwa mwenye mti wa mbele, mpaka kiputo kitulie katikati kabisa. Hapo anasema "Sawa!" na kigingi kinapigwa. Wenye miti hawawezi kukiona kiputo kutoka walipo. Wanamwamini msomaji.

Msomaji nilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la sita, mwenye macho makali na mdomo mkubwa, na wale mama walinisifu mpaka nikavimba kichwa. Mti wa mbele aliushika mama.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa pili, ardhi ngumu kama sahani. Tulikuwa tunapima shamba letu wenyewe, mstari wa mwisho wa juu, karibu na safu ya mbaazi ambayo mama aliijali kuliko nguo zake. Chini yetu palikuwa na shamba la jirani, mjane kijana mwenye mtoto mmoja tu, yule msichana. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na hakuna aliyemwita yule jirani vinginevyo: Mama fulani, jina la msichana wake. Jina hilo sitaliandika. Alikuwa pale nasi, anachimba.

Nilikuwa natazama kitu kingine. Kiputo kilikuwa mbele ya pua yangu na mimi nimegeuza shingo, na huku nimegeuza shingo nikaita, "Sawa!" Mama akapiga kigingi. Niliporudisha macho nilikiona kiputo kimekimbilia upande wa mti wa nyuma, maana yake mama alikuwa amesimama chini mno. Niliona. Hili ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Ningeweza kusema ngoja, nimekosea, na kigingi kingeng'olewa na tungecheka. Lakini ningeonekana mtoto mbele ya watu walionisifu. Nikajiambia ni upana wa kiganja tu. Tukasogea.

Mtaro ulichimbwa hivyohivyo, na pale ukalala chini, ukaipita safu ya mbaazi kwa chini bila kuigusa.

Mvua za masika ziliposhika, maji ya mtaro mzima yalikimbilia mahali pale, yakapasua ukuta, yakashuka na kupasua ule wa chini yake, na wa chini yake tena. Mvua ya tatu palikuwa na korongo linalomficha mtu mzima, katikati ya shamba la jirani. Baada ya mvua ya nne jua lilitoka, na msichana akaenda kuyatazama maji yakipita. Alikuwa amevaa buti za mpira za mama yake kama kawaida yake, zimemfika mapajani. Ukingo ukaporomoka naye. Walimpata jioni ileile, kule chini kwenye mawe, na buti moja mguuni. Ya pili haikuonekana.

Watu walikwenda kuukagua mstari wakaona ulivyoinama, na wakaona mbaazi. Basi wakasema aliyejifanya mwadilifu amepinda mstari kwa ajili ya mbaazi zake. Kamati ilikaa, na mama akasimama kati ya vile viti vidogo akasema maneno machache tu: mti ulikuwa mkononi mwangu. Hakusema zaidi. Akajiuzulu, na hakukanyaga tena darasa lile. Baada ya muda nilimsikia akimweleza shangazi yangu kile alichokiamini. Aliamini mti wake aliusimamisha juu ya kirundo cha udongo wa fuko bila kukiona, kirundo kikauinua mti, ndiyo maana kigingi kikapigwa chini mno. Tangu hapo aliwinda fuko kama ana vita nao. Tulidhani ni kwa ajili ya viazi.

Na yule jirani, watu walishindwa kumwita. Ukisema Mama fulani unamtaja marehemu usoni pake. Wakaanza kumwita "jirani," "dada," au kumkoholea tu wakifika mlangoni. Mwanamke akazeeka hivyo, bila jina.

Mimi niliogopa, halafu nikazoea kuogopa. Mwanzoni niliogopa kuchapwa. Baadaye niliogopa macho ya yule jirani, ambaye alikuwa akinipa maziwa ya mgando nikipita. Nikaenda sekondari ya bweni, nikaenda Nairobi, nikaja huku, na sina sababu ya kujidanganya: nilichagua kila safari kwa sababu ilikuwa mbali zaidi na korongo lile. Nikienda likizo nilipita njia ya nyuma. Korongo lilikuwa linakua, msimu hadi msimu, na mama alikuwa anapungua.

Wiki ile nilimpigia mama kila siku nikiwa nimepiga moyo konde, na kila siku nikakata simu bila kusema. Tatizo ni kwamba alikuwa na furaha. Miaka mingi sijamsikia mwepesi vile. Alinieleza atavaa kitenge gani, atasimama upande gani wa darasa ili yule jirani, ambaye sikio lake la kushoto limekufa, amsikie vizuri. Alinifanyia mazoezi ya hotuba yake kwenye simu. "Nilisimamisha mti wangu juu ya fuko," alisema, taratibu, kama mtoto anayekariri. "Sikuangalia chini ya mguu wangu." Nilikuwa ndani ya basi kuelekea kazini. Nilishuka vituo viwili kabla ya changu ili nilie nikiwa natembea.

Ijumaa jioni nilimweleza binti yangu, jikoni, sukuma wiki mkononi. Nilimweleza karibu yote: uzi, kiputo, buti. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama Susu anajua. Susu ni bibi yake, mama yangu. Nikasema hajui.

"Then why are you telling me?"

Alinipokonya kisu na ile sukuma wiki, akaendelea kukata yeye, vipande vikubwa mno.

Jumamosi Mzanzibari alinishikia shifti bila kuuliza, jambo ambalo si kawaida yake. Saa sita ya nyumbani ni saa nne asubuhi huku kwetu mwezi huo. London ilikuwa inanyesha. Kutoka dirisha la jikoni nililiona lile bonde jipya nyuma ya jengo, walilolichimba wiki hiyohiyo. Vigingi bado vimesimama, na maji yanaingia ndani yake kutoka pande zote kama yalivyoelekezwa. Binti yangu alikaa kwenye kiti cha pembeni na kikombe chake. Nilimpigia katibu wa kamati mpya, mwalimu wa chekechea, nikamwomba aniweke kwenye spika.

"Karibu sana, dada yetu wa London," alisema, na nikasikia watu wakipiga makofi. Makofi! Walidhani nimepiga kuwasalimia. Mkutano ulikuwa wa Kiswahili, kwa sababu ya yule afisa. Nilimsikia akieleza habari za mawe na nyasi. Nikamsikia mama akikohoa, kile kikohozi chake cha kabla ya kuongea, na kiti kidogo kikilia alipoinuka.

"Mama, kaa," nilisema.

"Nani huyo? Ni wewe? Ngoja zamu yako, mimi ndio naongea."

"Naomba ukae, Mama. Hakukuwa na fuko."

Nikasema. Nilisema haraka na vibaya, nikirudi nyuma, nikirekebisha. Kwamba msomaji nilikuwa mimi. Kwamba nilisema sawa bila kuangalia, nikiwa natazama kitu kingine. Kwamba nilipoangalia niliona kosa na nikanyamaza kwa ajili ya kusifiwa. Kwamba mama hakupinda mstari kwa ajili ya mbaazi wala kwa ajili ya kitu kingine chochote, alisimama pale alipoambiwa na mtu aliyemwamini. Nilipomaliza, kelele za mvua ya huku ndizo nilizozisikia, na kule, viti.

"Kwa hiyo udongo wangu ulikuwa mgumu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilisimama vizuri."

"Ulisimama vizuri, Mama."

"Miaka yote hii."

Baada ya hapo hakupokea simu yangu wiki mbili, na nilipomtumia ujumbe alimwambia mpwa wangu anijibu kwamba yuko salama. Ana haki. Nilikuwa nimemwibia maisha ya mwenyekiti, halafu asubuhi ile nikamnyang'anya hata toba yake aliyoiandaa. Hata leo tunaongea kama watu waliokutana kituo cha basi. Lakini pale darasani bado simu ilikuwa wazi, na kuna mtu alikuwa anakokota miguu kuja karibu nayo.

"Mwalimu, niwekee huku. Sikio la kulia."

Niliijua sauti ile kabla hajamaliza. Binti yangu aliweka kikombe chini.

"Ni wewe msomaji?" aliuliza.

"Ni mimi." Nikamwita kama alivyoitwa zamani, Mama na jina la mtoto wake, lote. Sikuwa nimepanga. Nilimsikia mtu fulani nyuma yake akivuta pumzi.

Nilikuwa tayari kwa laana. Kwa kweli nilikuwa naingojea, nimeingojea tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

"Umesema ulikuwa unatazama kitu kingine," alisema. "Kitu gani?"

Hili ndilo nililokuwa nimelificha hata siku ya kukiri. Sikulisema kwenye spika, sikumwambia binti yangu Ijumaa ile. Nililiona kama mzigo wa mwisho ambao haifai kumtwika mtu.

"Mtoto wako," nilisema. "Nilikuwa namtazama yeye."

"Alikuwa anafanya nini?"

Sikuelewa swali. Nilifikiri ananihoji kama polisi. "Samahani, Mama. Sikumaanisha kwamba yeye ndiye…"

"Sikukuuliza hilo. Mimi siku ile nilikuwa nimeinama, nachimba. Sikumwona. Alikuwa anafanya nini?"

Basi nikamwambia. Alikuwa chini kidogo ya ukuta wa zamani, amevaa buti zako, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Alikuwa amechomeka vijiti viwili ardhini, akafunga kati yake kamba aliyoichuna kwenye mkonge, na katikati ya kamba ametundika ganda la mbaazi. Alikuwa ananiigiza mimi. Alikunja shingo, akafumba jicho moja, akaitazama ile mbaazi kwa muda mrefu sana, kuliko nilivyowahi kuitazama pima maji mimi. Akaiambia mbaazi, "Panda kidogo." Halafu akakisogeza kijiti, kwapu, kwapu, zile buti, akarudi akatazama tena. Hakuwa ameridhika. Akakisogeza tena.

"Alifumba jicho gani?"

"La kushoto. Na alilishikilia kwa kidole, kwa sababu lilikuwa linafunguka."

Nilimsikia akipumua karibu kabisa na simu, pumzi ya mtu mzee aliyepanda mlima. Alitoa sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kilio, na labda ilikuwa kilio kwa sehemu.

"Alikuwa hawezi kufumba jicho moja," alisema. "Nilikuwa nimesahau." Akaisogeza simu sikioni. "Watu hawanielezi chochote juu yake. Wanaogopa. Sema tena, mwanangu. Anzia kwenye buti. Polepole, nisikie."

Binti yangu alisogeza kiti chake karibu na changu. Nikaanzia kwenye buti, nikasema tena.